Jua, mikoko na samaki wa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari ya nishati

Kila bamvua, maji yanapopwa hadi miamba ya Nyali ikatokeza mgongo, huwa natembea ufuoni na wanafunzi wa sekondari, siku nyingine na wazazi wao. Upande wa Tudor tunashuka mikokoni kwa mabuti ya mpira. Maswali ni yale yale mwaka hata mwaka. Mengine nimeulizwa na wavuvi na akina mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuwauza, watu walioyatazama mambo haya kwa karibu na kwa muda mrefu kuliko mimi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Sikufuata mpangilio wa kitabu cha baiolojia. Yamekaa karibu na jinsi yanavyonijia.

Kusema nishati "inatiririka" kuna maana gani?

Maana yake inaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine bila kurudi. Chukua jiko la makaa lenye sufuria ya mbaazi. Mbaazi zikiiva, makaa yamekuwa jivu. Jivu hilo unaweza kulizoa ukalimwaga kwenye shina la mpapai, likawa mbolea. Moto je? Ulishakwenda. Sehemu iliingia kwenye sufuria, sehemu kubwa zaidi ikapasha hewa ya jikoni, na hakuna awezaye kuukusanya tena.

Jivu ndilo mfano wa virutubisho kama naitrojeni na fosforasi: vinatoka udongoni, vinaingia kwenye jani, vinaingia kwa mnyama, vinarudi udongoni. Moto ndio mfano wa nishati. Chembe ya fosforasi iliyokuwa kwenye mfupa wa tafi mwaka jana yaweza kuwa ndani ya jani la mkoko leo. Nishati aliyoitumia tafi yule kuogelea imeishia kuwa joto majini, na haipatikani tena. Wanafunzi huona jambo hili ni la wazi mno nikiwaambia, lakini karibu kila jibu lililo hapa chini linaanzia hapo.

Nani wa kwanza kuipokea nishati ya jua?

Kiumbe chochote chenye rangi ile ya kijani inayonasa mwanga, yaani umbijani, na jamaa zake wachache wa rangi nyingine. Kinachukua mwanga, maji na hewa ukaa, kinatengeneza sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Hapa kwetu inafanywa na minazi na mihogo, na mikoko ya Tudor, Port Reitz na Mtwapa. Inafanywa na nyasi za bahari zinazojaa katika maji ya kina kifupi kati ya ufuo na mwamba kuanzia Nyali hadi Shanzu, na mwani. Halafu kuna planktoni za mimea, vijimea vinavyoelea majini na visivyoonekana bila hadubini.

Watu husahau matumbawe. Tumbawe ni mnyama, ila amekaribisha vijimea vidogo ndani ya mwili wake, navyo ndivyo vinavyomlisha sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto, ushirika huo unavunjika: vijimea vinatoka, tumbawe linabaki jeupe, na hali hiyo ikidumu linakufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipokufa, ya Mombasa yakiwemo.

Jua la Mombasa linawaka mwaka mzima. Mbona basi bahari haijai samaki hadi kufurika?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba jua peke yake halitoshi.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni kama saa 12 mwezi wowote, na saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, kila mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,000. Mmea hauwezi kutumia hata nusu ya mwanga huo, kwa kuwa si rangi zote za mwanga zinazoufaa. Katika nusu hiyo, mwingine unaakisiwa, mwingine unapasha jani joto tu. Kinachoishia kuwa sukari mara nyingi ni kama asilimia 1 au chini yake.

Nchi kavu, kinachokosekana kwanza ni maji. Ndiyo sababu mashamba ya Kisauni yanasubiri masika. Baharini maji ni tele na mwanga ni tele. Kinachokosekana ni virutubisho. Maji ya juu yaliyopashwa na jua ni mepesi, nayo huelea juu ya maji mazito ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Viumbe wanaokufa huzama na virutubisho vyao, vikabaki kule chini kwenye giza. Mwanga uko juu, mbolea iko chini, na mlango kati yao umefungwa.

Kwa hiyo yale maji ya buluu safi yanayopendwa kwenye picha za watalii ni maji yenye njaa. Bahari kuu hutoa takriban gramu 125 za mmea mkavu kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, kwa makadirio yanayofundishwa sana. Msitu wa mvua wa kitropiki hutoa karibu 2,200. Miamba ya matumbawe hufikia hata 2,500, ingawa imezungukwa na maji yale yale maskini. Siri yake ni kwamba haitupi kitu: tumbawe na vijimea vyake wanapokezana virutubisho papo hapo, sponji wanachuja maji, kinyesi cha huyu ni chakula cha yule. Virutubisho vichache vinatumika tena na tena kabla havijaponyoka kwenda kilindini.

Kuna tofauti gani kati ya uzalishaji ghafi na uzalishaji halisi?

Ile ile iliyopo kwenye hati ya mshahara. Ghafi ni sukari yote iliyotengenezwa na mmea; halisi ni inayobaki baada ya makato, yaani baada ya mmea wenyewe kutumia nishati ili kuishi, mara nyingi karibu nusu. Wanyama wote, sisi tukiwemo, tunaishi kwa kile kilichobaki.

Ile asilimia 10 tunayofundishwa darasani ni sheria?

Ni wastani wa kukadiria. Kwa kawaida kiasi cha nishati kinachovuka kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine, yaani kutoka kwa anayeliwa hadi kwa anayemla, ni kati ya asilimia 5 na 20. Aliyeianzisha hesabu hii kwa umakini ni Raymond Lindeman, kijana Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, akipima nishati iliyomo kwenye mimea, wadudu na samaki wake. Makala yake ilichapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa hajatimiza miaka 27. Hunisikitisha kila ninapolifundisha somo hili.

Ile asilimia 90 nyingine inakwenda wapi?

Kuna inayobaki bila kuliwa: mifupa, magamba, mizizi, shina. Kuna inayoliwa lakini haisagiki tumboni, ikatoka kama kinyesi. Na kuna inayochomwa na mwili kwa kupumua, kutembea na kusukuma damu, ikaishia kuwa joto.

Hili la joto unaweza kulihisi kwa ngozi yako. Mtu mzima aliyeketi tu hutoa joto la takriban wati 100. Sasa fikiria matatu ya abiria 14 iliyokwama kwenye foleni ya Changamwe mwezi wa Mei, madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya mvua. Ni takriban wati 1,400, kama pasi ya umeme iliyowashwa katikati ya viti. Jasho linakutoka kwa sababu ya mahamri na mbaazi walizokula abiria wenzako asubuhi.

Sisi wanyama wenye damu moto, pamoja na ndege, tunatumia sehemu kubwa sana ya chakula kulinda joto la mwili, ndiyo maana ni asilimia chache tu inayogeuka nyama. Samaki hana mzigo huo. Ukimlisha samaki na ukamlisha mbuzi chakula chenye nishati sawa, samaki atakurudishia nyama nyingi zaidi.

Hesabu hiyo inamhusu vipi mtu anayenunua samaki?

Tuchukue kilo 1 ya nguru. Nguru anakula samaki wadogo, nao wanakula vijidudu vinavyoelea, navyo vinakula planktoni za mimea. Kwa kukadiria kwa asilimia 10, kilo hiyo moja imetokana na kilo 10 za samaki wadogo, waliotokana na kilo 100 za vijidudu, vilivyotokana na kilo 1,000 za planktoni. Tafi anachunga mwani na nyasi za bahari moja kwa moja, kwa hiyo kilo 1 ya tafi imegharimu kama kilo 10 za majani. Kwa kiasi kile kile cha majani, bahari inaweza kukupa nguru mmoja wa kilo au tafi wa kilo 100.

Nilipoyasema haya siku moja pale samaki wanaposhushwa, mama karanga mmoja alinikatiza akiwa ameshika karai lake.

"Mwalimu, hawa wadogo wawasifu wewe, lakini nyavu za matundu madogo si zimekatazwa?"

"Kweli mama. Nazungumzia samaki ambaye umbo lake ni dogo hata akizeeka."

"Basi sema hivyo. Simu, yule dagaa, akizeeka ni simu mzee tu. Lakini changu wa kidole huyu ni mtoto, hajazaa hata mara moja."

Alinisahihisha vizuri, na tangu siku hiyo nayaeleza kwa maneno yake. Kula samaki wa ngazi ya chini ni jambo moja. Kuvua vifaranga vya samaki wakubwa ni jambo jingine kabisa. Juya la kukokota limepigwa marufuku Kenya kwa sababu hiyo: linazoa wote, na linang'oa nyasi za bahari ambazo ndizo jiko la maji ya ndani ya mwamba.

Mbona papa ni wachache kuliko dagaa, na hakuna mnyama anayeishi kwa kuwinda papa wakubwa?

Kwa sababu nishati imeshapungua mno inapofika kwao. Baada ya kuvuka ngazi nne, kilichobaki ni sehemu moja katika 10,000 ya kile kilichonaswa na majani. Anayeishi kwa makombo hayo anahitaji eneo kubwa la kuwinda, hawezi kuwa wengi, na akivuliwa huchukua miaka kurudi. Pale kwenye kingo za Mtwapa pana mahali wazee walipapa jina Shimo la Tewa. Tewa ni mwindaji wa juu, anakua polepole, anakaa kwenye pango lake miaka. Jina hilo linanieleza kwamba waliotutangulia waliwaona tewa wa kutosha kuita mahali kwa jina lao.

Watu husema mikoko ni mama wa bahari. Ni kweli, au ni maneno ya kampeni?

Ni kweli, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kenya ina aina tisa za mikoko. Pale Tudor utakutana kwanza na mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, na mchu wenye vipumulio vinavyochomoza matopeni kama penseli. Mbele yake, karibu na maji, kuna mlilana, nyuma, mkandaa. Okota jani moja la mkoko lililoanguka leo. Ni la manjano, gumu kama ngozi, na ukiligusa kwa ulimi lina ukakasi wa ndizi mbichi. Ukakasi huo ni tanini, nao huwafukuza walaji wengi. Ndiyo sababu ni sehemu ndogo tu ya majani ya mikoko inayoliwa yakiwa mtini. Mengi huanguka kwanza.

Kaa kimya, usitikise matope. Baada ya dakika chache kaa anachungulia shimoni, anatoka kwa ubavu, anashika jani kwa gando na kulikokota. Mara nyingine linakwama mlangoni, analizungusha mpaka lipite kwa ncha. Kule chini anakula sehemu, sehemu inaoza. Bakteria na kuvu wanalifunika jani, wanalainisha tanini, na miili yao inaliongezea protini, hivi kwamba jani lililooza nusu lina lishe bora kuliko jani bichi. Kamba na mkizi wanakuja na maji ya kujaa, wanakula vipande hivyo. Nyuma yao wanakuja changu wadogo, na juu ya vipumulio vya mchu anasimama yangeyange akisubiri zamu yake.

Njia hii, ambapo chakula kinapitia kwanza kwa waozeshaji, ndiyo barabara kuu ya nishati mikokoni. Njia ya mnyama kula jani bichi ni kichochoro tu.

Sasa lile linalotiwa chumvi. Wengi hudhani majani ya mikoko yanasafiri hadi kwenye mwamba wa nje na kulisha samaki wote wa huko. Utafiti uliofanywa katika Ghuba ya Gazi, kusini mwetu, na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mabaki mengi ya mikoko yanayotoka msituni yanaishia kwenye nyasi za bahari zilizo jirani. Machache sana yanafika mwambani. Kinachosafiri mbali ni samaki wenyewe. Wanalelewa kwenye mizizi ya mikoko, wananona, halafu wanahamia nje wakiwa na nishati hiyo ndani ya miili yao.

Mbona matope ya mikoko yananuka mayai viza? Si ishara ya uchafu?

Hapana, hata mikoko safi kabisa hunuka hivyo. Chini ya sentimita chache matopeni hakuna oksijeni. Bakteria wa huko wanapumua kwa kutumia salfeti iliyomo kwenye maji ya chumvi, na gesi wanayoitoa ndiyo hiyo unayoinusa. Wanaozesha polepole sana, kwa hiyo sehemu ya majani na mizizi haiishi kuoza. Inajilimbikiza karne baada ya karne. Nishati ya jua ya zamani imelala pale chini. Ukikata mikoko na kuyafukua matope, hewa inaingia, uozo unaongeza kasi, na hewa ukaa iliyokuwa imefungiwa inatoka.

Maji taka yana mbolea nyingi. Yakiingia baharini, si samaki wataongezeka?

Kijana aliyeniuliza hivi alikuwa akifikiri vizuri, maana nimetoka kusema kwamba bahari ina njaa ya virutubisho. Ukiongeza kidogo, uzalishaji huongezeka kweli. Tatizo ni kiasi na kasi. Mwani na planktoni huzaliana kupita uwezo wa wanaowala. Kisichokuwa na mlaji kinakufa na kuzama, waozeshaji wanakifurahia, na wakiwa kazini wanamaliza oksijeni iliyomo majini. Nishati ipo tele, ila imechepuka: badala ya kupanda kwenda kwa tafi na changu, imeishia kwa bakteria. Nyasi za bahari zinafunikwa na utelezi, mwanga hauzifikii. Matumbawe yanashindwa nguvu na mwani.

Mikoko huvumilia kuliko wengine na hunyonya sehemu ya mbolea hiyo, na kuna watu wanaolichukua hilo kuwa ruhusa ya kuielekeza mifereji mikokoni. Mimi nalipinga. Nimesimama Tudor maji yakiwa yamepwa, nikaona mfereji mweusi unavyopita katikati ya mizizi, na watoto wakichimba kaa hatua 20 kutoka hapo.

Mbona sehemu nyingine za mwamba zimejaa nungu wa baharini?

Hao wenye miiba ndio hesabu ya nishati iliyoandikwa kwenye mwamba. Nungu hutafuna mwani na hukwangua jiwe la tumbawe pamoja nao. Adui yake mkubwa ni kikande, samaki mwenye meno ya kuvunjia magamba. Kikande akivuliwa akaisha, nungu wanaongezeka. Tim McClanahan, mtafiti aliyefanya kazi kwenye miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha jambo hili kwa upana. Nungu anahitaji nishati kidogo sana kuishi. Anaweza kudumu mahali mwani umekwanguliwa hadi samaki wanaokula mwani wameshindwa. Kwa hiyo anawamaliza kwa njaa bila kupigana nao, na mwamba unabaki unazalisha miiba badala ya chakula.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na ambamo uvuvi hauruhusiwi, vikande wako na nungu ni wachache kuliko kwenye miamba inayovuliwa sana. Ukitaka kumshawishi mvuvi kuhusu hifadhi, mwonyeshe nungu kwanza, takwimu baadaye.

Kaskazi na kusi vinaingilia vipi mambo haya?

Wavuvi wanajibu swali hili vizuri kuliko mimi: kaskazi bahari imetulia, samaki wanapatikana, kusi mawimbi yanatawala na ngalawa ndogo zinabaki pwani. Kuna sababu ya hali ya hewa tu, ya kushindwa kutoka. Kuna pia sababu ya uzalishaji. Kusi likivuma, takriban Aprili hadi Oktoba, upepo unayavuruga maji hadi chini sana, planktoni zinashushwa kwenye mwanga hafifu, na mawingu yanazidi. Kaskazi likija, tabaka la juu linakuwa jembamba, mwanga unatosha. Kule kaskazini zaidi, upande wa Lamu, mkondo unaotoka Somalia unakutana na mkondo wa pwani yetu, na maji ya chini yenye virutubisho hupanda juu.

Mito nayo hulisha. Tana na Sabaki humwaga matope na virutubisho, ndiyo sababu ya kamba wengi wa Ghuba ya Ungwana. Mombasa hatuna mto mkubwa. Tudor inapokea Kombeni na Tsalu, na Port Reitz inapokea Mwache, yote ikitegemea mvua.

Inawezekanaje planktoni, ambazo hata hazionekani, kulisha bahari nzima?

Kwa mzunguko. Fikiria mama wa mahamri mwenye mtaji wa shilingi elfu moja unaozunguka kila siku, na tajiri mwenye ghala la mamilioni linalouzwa mara moja kwa miaka. Planktoni za mimea duniani kote zina kaboni kama tani bilioni 1, mimea ya nchi kavu takriban bilioni 450. Lakini planktoni hugawanyika na kuliwa kwa muda wa siku chache tu, na kwa njia hiyo zinatoa karibu nusu ya uzalishaji wote wa dunia. Ndiyo maana baharini unaweza kupima ukakuta uzito wa walaji umezidi wa mimea yao. Ukipanga mimea chini na walaji juu yake kwa uzito, piramidi hiyo imepinduka. Ile ya nishati haipinduki kamwe.

Jongoo wa Haller Park wanahusika vipi?

Wanahusika kuliko twiga na viboko wa pale, hata kuliko wale rafiki wawili waliovuma duniani, kiboko Owen na kobe Mzee.

Pale Bamburi, ilipo Haller Park leo, palikuwa machimbo ya mawe ya saruji: jiwe jeupe la tumbawe la kale, jua la kukausha macho, maji ya chini yenye chumvi, udongo hakuna. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti. Mvinje ulikubali. Mizizi yake hukaa na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo ulikuwa na mbolea yake mwenyewe.

Miti ikakua, na hapo pakatokea tatizo ambalo ni somo zima la nishati. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalianguka na kujikusanya chini bila kuoza. Yana tanini nyingi, na jangwa lile la mawe halikuwa na waozeshaji. Nishati ilinaswa, virutubisho vikanaswa, halafu vyote vikakaa juu ya jiwe kama fedha zilizofungiwa kabatini. Wakaletwa jongoo, wale wekundu wa miguu, ambao waliyatafuna majani hayo. Jongoo hachukui sehemu kubwa ya nishati ya jani. Analisaga na kulitoa kama vidonge laini ambavyo bakteria wanaviweza. Udongo mweusi ukaanza kujijenga juu ya jiwe. Baada ya udongo ikaja mimea mingine, wadudu, ndege.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alipookota jongoo pale akauliza, "Kwa hiyo huyu ndiye aliyefungua kabati?" Nilimwambia ndiye.

Na kunguru wa mjini?

Ni wageni kutoka bara Hindi, na wingi wao hauelezwi na majani ya Mombasa hata kidogo. Wanaishi kwa nishati iliyokuja kwa lori: mahindi na maharagwe ya bara yaliyoishia kwenye jaa letu. Kisha wanakula mayai na vifaranga vya ndege wenyeji. Ukifunika taka umewapunguzia ruzuku.

Nyangumi wanaopita Julai hadi Septemba wanakula nini hapa?

Karibu hakuna. Nyangumi wa nundu huja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, wakiishi kwa mafuta waliyoyajenga katika bahari za kusini kabisa karibu na Antaktika, kwa kula viumbe mfano wa uduvi. Jua lililowalisha liliwaka huko.

Nataka kuyaona haya kwa macho yangu. Nianzie wapi?

Tazama ratiba ya maji, chagua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, bamvua ikiwa na nguvu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inaweza kufika karibu mita 4, kwa hiyo usiende peke yako na usisahau saa. Fika Nyali saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, vaa viatu vya soli ngumu, tembea kwenye mchanga na si juu ya matumbawe. Inama kwenye dimbwi la kwanza lenye nyasi za bahari wakati jua liko juu. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye majani, kimoja kimoja. Ni oksijeni: jani liko kazini.